Siza lifti iliyogoma kunyanyua tani mbili: kisa cha sentimita 12 zilizokatwa na grenda

Dada anayesimamia stoo ya godauni moja la vifaa vya ujenzi hapa Dar alinipigia simu asubuhi, hata salamu hazijaisha vizuri akaniambia, "Kaka njoo utuangalizie ile meza, haipandi na mzigo, na huyu aliyepo hapa ni fundi wa tatu." Meza anayoisema ni siza lifti, lile jukwaa la chuma linalobebwa na miguu iliyopishana kama mkasi, wanalitumia kupandisha mzigo toka sakafuni mpaka usawa wa bodi ya gari. Nakiandika hiki kisa kwa urefu kwa sababu mafundi wote watatu walikuwa wanajua kazi, kila mmoja alishika kitu alichoona ndo chenye tatizo, na bado meza ilikuwa inaelekea kuua mtu.

Kwanza mazingira. Godauni lile halina ukumbi wa kupakilia, sakafu iko sawa na barabara, gari likirudi nyuma bodi iko juu mita moja na ushee, Canter inakuwa chini kidogo na Fuso juu zaidi. Zamani kila kitu kilikuwa kinapanda kwa makuli, mfuko wa simenti kilo 50 begani, Fuso ya tani kumi ni mifuko 200, hesabu mwenyewe mgongo wa mtu kwa siku moja yenye gari nne. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, kwa hiyo mfuko wa simenti uko ndani ya mstari kwa kilo tano tu, na pale wanaongelea mfuko mmoja, sio mia. Ndo maana mzee mwenye godauni alinunua ile meza, na mimi namsifu kabisa kwa hilo. Miaka ya mwanzo walikuwa wanapandisha vitoroli vidogo, kilo 500, kilo 600, raha mustarehe. Baadaye wakanunua troli ya paleti (paleti ni lile chaga la kupangia mifuko), ile ya kupampu kwa mkono, wakaanza kupandisha paleti nzima, mifuko 40, tani mbili kamili. Hapo ndo kisa kinaanza.

Nimefika, nimemwamkia mzee, nikaenda moja kwa moja kwenye meza. Iko juu, haina mzigo, chini yake kuna dogo amelala chali na mashine ya kuchomelea, na kitu pekee kinachozuia jukwaa lisimshukie ni kipande cha boriti ya mti kimesimamishwa upande mmoja. Sikuuliza swali lolote la ufundi. Nilimwambia "dogo toka hapo kwanza", akasema anamalizia, nikamwambia toka. Jukwaa lile peke yake bila mzigo ni kama kilo 350, na lilikuwa limeshikiliwa na oili iliyoko kwenye silinda, silinda ambayo sikio lake, yaani kile kipande cha chuma chenye tundu la pini kinachoishikilia, ndo alikuwa analichomelea! Sikio likiachia, oili haina tena cha kufanya, jukwaa linashuka lote na ile boriti inapinda pembeni kama njiti. Meza hizi zinakuja na chuma chake cha kuzuia, kinafungwa kwenye miguu au kinawekwa kwenye njia ya roli ili miguu isiweze kujikunja, na pale kilikuwepo, kimening'inia pembeni kina vumbi la miaka. Tukakiweka, pande zote mbili, tukazima umeme kwenye breka, ndo tukaanza kuongea.

Sasa niieleze inavyofanya kazi, maana bila hilo kisa hakieleweki. Miguu ni miwili miwili, imepishana na katikati ina pini. Chini, ncha ya mguu mmoja imefungwa kwenye fremu haiendi popote, ncha ya mwingine ina roli inayotembea kwenye reli, na juu kwenye jukwaa ni hivo hivo. Ukiisukuma roli iende kuelekea ile ncha iliyofungwa, miguu inasimama na jukwaa linapanda likiwa limelala sawa muda wote, halipindi. Anayesukuma ni silinda ya haidroliki (pale zilikuwa mbili), mota ya umeme inazungusha pampu, pampu inavuta oili kwenye tanki na kuisukuma kwenye silinda, ukiachia batani kuna valvu inaifungia oili isirudi na jukwaa linabaki pale pale. Kushuka hakutumii pampu kabisa, valvu ya kushushia inafunguka na uzito wa jukwaa wenyewe unairudisha oili kwenye tanki, pole pole kwa sababu kuna kitu kinaibana njia. Na kwenye shingo ya silinda kunatakiwa kuwe na valvu ya kufunga yenyewe endapo hozi itapasuka. Hiyo ukinunua meza usikubali haipo.

Hiyo ndo mashine nzima, haina mambo mengi. Ila ina tabia moja ambayo watu wengi wanaoitumia kila siku hawaijui, na ndo roho ya hiki kisa: meza ya mkasi inateseka zaidi ikiwa chini kabisa. Mtu anadhani kadri inavyopanda ndo kazi inaongezeka, kumbe ni kinyume. Ikiwa imelala, miguu iko karibu sambamba na sakafu, silinda inasukuma kwenda mbele wakati mzigo unataka kwenda juu, sehemu kubwa ya nguvu inapotea kwenye kubana pini. Miguu ikifika nyuzi 45, kwa silinda iliyolala, tani moja juu inataka tani moja ya kusukuma. Kwenye nyuzi 10, tani ile ile inataka karibu tani tano na robo tatu. Nyuzi 6, tani tisa na nusu. Silinda zikiinamishwa kama wengi wanavyozifunga namba zinabadilika kiasi lakini sura ya hesabu haibadiliki. Kwa hiyo aliyetengeneza meza anachagua kabisa jukwaa lisishuke chini ya pembe fulani, anaweka vikalio vya chuma kwenye kona nne, jukwaa likifika hapo linakaa, linapumzika juu ya chuma badala ya juu ya oili.

Turudi godauni. Nikamuuliza dada wa stoo tatizo lilianzaje, akanisimulia kwa mpangilio mzuri sana, kusema kweli maelezo yake yalikuwa nusu ya kazi. Kibao cha meza kinasema kilo 2,500. Paleti ya simenti 2,000, troli yenyewe kama kilo 80, vijana wawili wanaopanda nayo tuseme 150, jumla 2,230, iko ndani ya kibao. Mwanzo ilikuwa inapanda bila shida. Baadaye siku moja tu ikagoma, mota inalia, jukwaa limekaa. Makuli wakaleta mitaimbo miwili wakaibinua pembeni, ikanyanyuka kama upana wa kiganja, ikashika yenyewe ikapanda mpaka juu bila hata kuhema. Ikawa ndo utaratibu, kila paleti mitaimbo.

Fundi wa kwanza akasema sili za silinda zimekufa, oili inapita pembeni. Akazibadilisha, hela ikatoka, na kweli zilikuwa zimechoka kidogo, lakini mgomo ukabaki pale pale. Fundi wa pili akaenda kwenye valvu ya presha, ile tunayoiita rilifu, ambayo kazi yake ni kumwaga oili irudi kwenye tanki presha ikizidi kiwango, akaikaza mpaka meza ikanyanyuka na paleti yake toka chini. Watu wakashangilia, akalipwa, akaondoka. Wiki mbili baadaye sikio la silinda moja likapata ufa kwenye weldingi, ndo akaitwa fundi wa tatu, huyu dogo, alichomelee.

Ukimsikiliza vizuri yule dada, jibu limo ndani. Meza inayobeba mzigo ule ule bila shida ikishapanda kidogo, lakini inashindwa kuanza, pampu yake sio mbovu na sili zake sio mbovu. Sili zikivuja jukwaa lingekuwa linashuka lenyewe likiachwa juu, na nilipolijaribu baadaye, alama ya chaki na dakika kumi, halikusogea. Kitu kimebadilika kule chini. Nikachukua tochi nikaingia kwa magoti pembeni (chuma cha kuzuia kikiwa mahali pake) nikaangalia kona za fremu. Vikalio vyote vinne vimekatwa. Alama za grenda bado zinaonekana, kingo zimenyooka kabisa, kazi safi.

Nani kakata? Hakukuwa na siri yoyote. Meza ilikuwa imekaa juu ya sakafu, na ikishushwa yote jukwaa linabaki juu sentimita 42, kwa hiyo kuna rampu ya mita tatu ya kupandia. Kwa vitoroli vidogo haikuwa tatizo. Kwa paleti ya tani mbili rampu ile ni mateso, mwinuko wa asilimia 14, maana yake vijana wanatakiwa kusukuma kama kilo 290 za nguvu ili tu isirudi nyuma, na ikirudi nyuma ina mtu nyuma yake. Msimamizi wa zamu aliona vijana wanavyohangaika, akaona chini ya jukwaa kuna nafasi, akamwita mtu wa grenda avikate vikalio ili jukwaa likae chini zaidi. Likashuka sentimita 12 na nusu, rampu ikapungua mpaka asilimia 10. Alifanya kwa huruma na mimi siwezi kumlaumu kwa nia yake.

Ila angalia kilichotokea. Miguu ya ile meza ni mita 1.8 toka pini mpaka pini. Kwenye vikalio vya mwanzo ilikuwa inalala nyuzi 10, baada ya kukatwa ikawa inalala nyuzi 6. Kilo 2,230 kwenye nyuzi 10 zinataka msukumo wa tani 12 na nusu hivi. Kwenye nyuzi 6 zinataka tani 21, na hapo uzito wa jukwaa lenyewe sijaweka. Na kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza nikikipigia hesabu, jukwaa limeshuka sentimita 12 na nusu lakini roli kwenye reli yake imesogea chini ya sentimita mbili. Yaani ndani ya hizo sentimita mbili za roli silinda inatakiwa ipandishe tani mbili na zaidi kwa karibu shibiri nusu. Hakuna namna rahisi ya kufanya hivo, ni lazima uilipe kwa nguvu.

Kiwandani rilifu ilikuwa imewekwa bar 170 (bar ni kipimo cha presha). Kwa hesabu yangu, kuanza toka nyuzi 6 na ile paleti kunataka kama bar 240, kwa hiyo ilikuwa sahihi kabisa meza kugoma, ilikuwa inajilinda. Fundi wa pili akaondoa ulinzi. Nilipofunga geji yangu ya kupimia presha na kuijaribu rilifu peke yake, ilikuwa inafunguka karibu na 240, na yule fundi hakuwa na geji, alikaza kwa sikio. Nguvu ya ziada yote ikaenda kwenye masikio ya silinda na pini, vitu vilivyochorwa na mhandisi kwa bar 170, na penye weldingi dhaifu ndo pakaachia. Dogo wa tatu angechomelea vizuri tu, na baada ya wiki mbili nyingine lingeachia sikio la upande wa pili, pengine jukwaa likiwa juu na vijana wawili na tani mbili za simenti. Mimi fundi akiniambia amekaza rilifu huwa namuuliza kitu kimoja, geji ilikuwa inasoma ngapi, na kama hana jibu hiyo mashine naihesabu mbovu mpaka ipimwe upya.

Kazi yenyewe tuliyofanya haikuwa ya ajabu. Silinda zote mbili zikashushwa, masikio yakaondolewa yakatengenezwa mapya kwa chuma cha unene wa mwanzo, sio kuweka kiraka juu ya ufa. Pini moja ilikuwa imeanza kupinda, ukiizungusha kwenye meza bapa inacheza, ikatupwa na bushi zake zikabadilishwa. Reli za roli zilikuwa zimejaa simenti iliyoganda, maana mifuko inapasuka na godauni linafagiliwa kwa kumwagia maji, tukazitindua na kuzipaka grisi. Vikalio vinne vipya, kimo kile kile cha mwanzo. Rilifu ikarudishwa bar 170 kwa geji, ikafungwa na rangi juu ya nati ili mtu akiigusa ijulikane. Kuna na ile fremu nyembamba inayozunguka ukingo wa jukwaa kwa chini, ambayo ikigusa mguu wa mtu wakati wa kushuka inakata umeme wa valvu, nayo ilikuwa imefungwa kwa waya isifanye kazi kwa sababu eti inasumbua. Tukaifungua. Sikujadiliana na mtu kwenye hilo.

Jambo la ukingo wa jukwaa nalo lilinifanya niombe kikao na vijana wenyewe, sio mabosi tu. Kile kibao cha 2,500 kinamaanisha mzigo uliotandazwa juu ya jukwaa zima. Paleti ikiingia kwa troli, kuna sekunde kadhaa ambapo karibu tani mbili zote ziko juu ya vigurudumu viwili vidogo vya mbele, na vigurudumu hivyo viko ukingoni. Jukwaa likiwa chini limekalia vikalio sio tatizo, chuma kinabeba. Likiwa juu usawa wa Fuso, wakati wa kutoka kuingia kwenye gari, uzito wote unahamia ncha moja na miguu ya upande ule inabeba karibu peke yake. Ndo maana meza nyingi zina namba tofauti kwa mzigo wa ukingoni, ndogo kuliko ile kubwa. Tukakubaliana paleti inatoka pole pole, troli iko katikati ya upana wa jukwaa (tukachora mstari wa njano), na hakuna mtu anayeruka toka kwenye jukwaa kwenda kwenye gari wakati paleti iko njiani.

Mzee naye akaniuliza kama anaweza kumpandisha kijana kwenye meza ile abadilishe taa za paa, akiweka na ngazi juu yake. Nikamwambia hapana mzee wangu. Siza za kupandishia watu ni mashine nyingine, zina uzio pande zote, zina namba ya watu wangapi, na zile za nje zina kiwango cha upepo. Nikampa mfano wa chuo kikuu cha Notre Dame kule Indiana, Marekani, Oktoba 2010, mwanafunzi alikuwa juu ya siza akirekodi mazoezi ya timu, upepo ukavuma zaidi ya maili 50 kwa saa, ikaanguka naye akafariki. Mashine ile haikuwa na cha kushangaza, ilikuwa juu sana kwenye upepo usioruhusiwa. Mzee alinyamaza kidogo akasema basi taa atakodi.

Nikamkumbusha pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo na vifaa vya kunyanyulia viko kwenye ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, awaite yeye kabla hawajaja wenyewe. Hilo alilikubali haraka.

Lakini ningeondoka hapo ningekuwa sijafanya kitu, maana rampu ilikuwa imerudi asilimia 14 na vijana walikuwa wananiangalia. Ukirudisha vikalio bila kutatua kilichofanya vikatwe, grenda itarudi baada ya miezi miwili. Wazo la kwanza la kila mtu ni shimo, meza izame yote jukwaa liwe sawa na sakafu, rampu iondoke kabisa. Inafanyika sehemu nyingi na ni nzuri, ila hapa ilikuwa na gharama yake, kwa sababu ile meza ikiwa juu kabisa jukwaa liko mita 1.51 toka inapokaa, ukiizamisha sentimita 42 inabaki mita 1.09, Canter inafikiwa lakini Fuso kuna magari yao mawili yako juu ya hapo na paleti ingekuwa inapanda tena kilima kuingia kwenye bodi. Tukapima magari yote yanayokuja pale kwa tepu, yakiwa matupu na yakiwa na mzigo, maana bodi inashuka springi zikilala. Tukaamua shimo la sentimita 30. Jukwaa linabaki sentimita 12 juu ya sakafu, rampu ile ile ya mita tatu sasa ni asilimia 4, nguvu ya kusukuma inashuka toka kilo 290 mpaka kama 85, vijana wawili wanaiweza wakiongea. Juu inafika mita 1.21, magari yao yote yamo. Shimo likawekewa mteremko wa maji na bomba la kutolea nje, kwa sababu masika ya Dar yakiingia shimo lisilo na njia ya maji linageuka kisima na mota iko humo humo, tena tanki na mota tulivitoa tukavifunga ukutani juu, hozi tu ndo zinashuka.

Siku ya majaribio tulianza na jukwaa tupu, halafu mifuko 20, halafu 40 na troli, bila mtu juu. Geji ilisoma bar 145 pale linapoondoka kwenye vikalio, likafika katikati ikawa 45, juu kabisa 25. Nilimwita yule msimamizi wa zamu aangalie sindano inavyoshuka kadri meza inavyopanda, akaiangalia mara tatu, kila mara anaomba tushushe tupandishe tena, halafu akaenda mwenyewe kuleta grenda yake akaikabidhi stoo.

Yule dogo wa kuchomelea bado tunafanya kazi pamoja. Chuma cha kuzuia anakiweka kabla hata sijasema.